Ndani ya Gunia la Tausi

Habari iliingia nyumbani kwa Mama Mizani kupitia simu ya binti yake, wakati wa chai ya asubuhi, mkate ukiwa bado mdomoni. Binti alikuwa na kawaida ya kuwasomea wazazi wake vituko vya kikundi cha mtaa, na siku zote vilikuwa vilevile: fulani kapotelewa na kuku, fulani anauza kitanda, fulani katuma picha kwa makosa na sasa anaomba radhi. Siku hiyo alisikiliza peke yake kwanza, kisha akaongeza sauti ili nao wasikie.

"Ndugu zangu, huu mchele wa ng'ambo tuache kuula," ilisema sauti ya mwanamume asiyejulikana, akihema kama mtu aliyetoka kufukuzwa. "Wanaumwagia dawa ya wadudu humo melini ili usiharibike. Ule wenye picha ya tausi ndio mbaya kupita yote. Watu wamelazwa. Msije mkasema hamkuambiwa."

Mama Mizani alimtazama mumewe. Mumewe alitazama kikombe chake.

"Tausi si ndio huo tunaouza sisi?" binti aliuliza.

"Ndio huo," alisema baba yake. "Tusubiri kwanza."

Mtaani walimwita Bwana Subiri, na jina hilo hakupewa bure. Paa likivuja, tusubiri kwanza, huenda mvua ikakatika. Jino likiuma, tusubiri kwanza. Hata posa aliileta mchumba akiwa ameshanuna mpaka uso umechoka kununa. Mkewe alikuwa mtu wa namna nyingine. Yeye aliitwa Mama Mizani kwa sababu ya jinsi alivyopima: aliuacha mshale utulie kabisa, kisha akaongeza konzi moja ya mchele juu na kusema, "Hii ya watoto." Kwa konzi hiyo watu waliyapita maduka mengine wakaja kununua kwake, na yeye aliliona jina lake kuwa mali kuliko kila kilichokuwa dukani.

Kwa hiyo inatubidi tuseme mapema jambo ambalo mtaa mzima haukulijua. Ndani ya magunia ya tausi yaliyopangwa dukani kwa Mama Mizani hamkuwa na punje hata moja ya ng'ambo. Mchele wote ulikuwa wa kaka yake.

Kaka huyo alilima mpunga bondeni, mbali na mji, na kila baada ya mavuno alikuja na gari la kukodi kumletea dada yake mchele. Hapo zamani walikuwa wakiuuza wazi, pembeni ya gunia la Tausi, na watu walikuwa wakiupita kama wanapita mgonjwa wa kuambukiza. Wa hapa? Huo wa kufugia kuku. Kisha panya wakatoboa gunia la kaka, na Mama Mizani, bila hila yoyote, akaumimina mchele ule kwenye gunia tupu la Tausi lililokuwa karibu. Kabla hajageuka, Karani mstaafu, ambaye ndiye mteja mgumu kuliko wote, akaingia, akapimiwa, akaenda zake. Kesho yake alirudi akiwa amenyanyua kidole. "Tausi ya safari hii," alisema, "wameipatia. Mtu huwezi kulinganisha na takataka zetu." Mama Mizani alifungua mdomo amwambie. Bwana Subiri akamkanyaga mguu. Tangu siku hiyo kazi yake ilikuwa kununua magunia matupu ya Tausi kwa wauza maandazi, kuyajaza mchele wa kaka yake, na kuyashona midomo kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, akiwa amejifungia stoo kama mwizi, huku mtaa ukidhani mchele wa kaka unaishia kwa wafuga kuku.

Hata kaka hakujua. Hilo ndilo lililomkaa rohoni.

Kila alipofika, kaka alishusha mzigo wake, akajifuta jasho na kuuliza swali lilelile: "Dada, wanasemaje kuhusu mchele wangu?"

"Wanausifu, kaka. Wanalamba vidole."

Na haikuwa uongo. Walikuwa wakilamba kweli. Kaka alirudi bondeni kwake shingo imenyooka, na Mama Mizani alibaki mlangoni akiona haya, haya ambazo hakuwa na mtu wa kumweleza.

*

Mpaka jua linakuwa kali siku ile, duka lilikuwa limepoa kabisa. Watu walipita barabarani wakisalimia kwa mbali. Wengine walijifanya hamnazo, wakainama kutazama viatu vyao ambavyo havikuwa na tatizo lolote.

Wa kwanza kuingia alikuwa Fundi, mama mshonaji wa jirani, rafiki yake wa siku nyingi. Alishika mfuko wa mchele kwa vidole viwili tu, kama mtu aliyebeba soksi za mwenzake.

"Usione vibaya, jirani," alisema. "Mimi mwenyewe ningekula tu. Mimi ninakula chochote. Ila wajukuu."

"Naelewa."

"Si kwamba nasema wewe umejua."

"Naelewa, Fundi. Weka hapo."

Fundi aliuweka juu ya meza, akasimama akisubiri. Mama Mizani alielewa anachosubiri, akamrudishia hela yake. Wote wawili walitazama pembeni wakati hela inabadilisha mikono. Fundi alipotoka alisahau kuaga, yeye ambaye kuaga kwake siku nyingine huchukua muda kuliko mazungumzo yenyewe.

Baada yake akaja Karani mstaafu. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini na leso puani, akazungumza kama anayesoma waraka.

"Mama Mizani. Tumbo langu limekuwa likinguruma tangu mwezi uliopita. Leo nimeijua sababu."

"Mzee, tumbo lako linanguruma tangu ulipostaafu. Hata mkeo anajua."

"Huko ni kunguruma kwa kawaida. Huku ninakokusema ni kunguruma kwa sumu."

Watu waliokuwa ng'ambo ya barabara walisikia, na neno hilo la mwisho likavuka na kwenda zake mtaani. Mama Mizani alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa na jibu la kumnyamazisha Karani, jibu fupi kabisa, lakini kulitoa kungemgharimu. Akisema mchele si wa ng'ambo, basi yeye ni mwongo wa miaka. Akinyamaza, yeye ni mtia sumu. Alichagua kufagia sakafu, ingawa ilikuwa safi.

Jioni, jua likielekea kuzama, akaja Bwana Afya. Alikuwa kijana mpole aliyevaa viatu vya mpira, na alionekana amechoka kutukanwa. Alichora alama ya chaki kwenye kila gunia lenye tausi, akijikunyata kupita katikati ya makopo ya mafuta.

"Kesho asubuhi gari litapita kuyachukua," alisema. "Usiuze, usihamishe, usigawe."

"Kwani maabara wamesemaje?" aliuliza Bwana Subiri.

"Hawajasema. Lakini amri imetoka tukusanye kwanza, watu wametaharuki."

"Na huo mchele unakwenda wapi?" aliuliza Mama Mizani.

"Shimoni, nje ya mji. Tunaumwagia mafuta ya taa, mtu asije akaufukua."

Mama Mizani alikaa juu ya kigoda. Mchele wa kaka yake, uliopandwa kwa mikono, ukapaliliwa ndani ya matope, ukalindwa dhidi ya ndege kwa kupigiwa makopo tangu kunapambazuka, unakwenda kumwagiwa mafuta ya taa.

*

Walibishana wakati wa chakula cha jioni, kwa sauti za chini, binti akijifanya anaosha vyombo huku amesimamisha masikio.

"Tuwaache wachukue," alisema Bwana Subiri. "Hasara ni hasara. Tutanyamaza, tutajikaza, watu watasahau, tutainuka."

"Na kaka? Anakuja kesho na mzigo mpya."

"Tutamwambia ule wa mwanzo ulinyeshewa."

"Uongo mwingine."

"Huu ni mdogo."

Mama Mizani alisukuma sahani. "Mume wangu, wakiumwaga ule mchele mimi sitalala tena. Kesho nitasema mbele yao wote."

Bwana Subiri hakumkatalia. Alikuna kidevu, na aliposema alisema jambo la kweli, na ndilo lililouma. "Ukisema, Fundi atakununia wiki nzima, basi. Karani atapata la kusimulia mpaka afe. Hao watapona. Lakini wewe unajua atakayeumia ni nani. Mchele wake tumeuficha kama mtoto wa nje, miaka yote hii, na yeye anautembelea akijisifu. Utamwangaliaje?"

Kaka yake ndiye aliyemlea baada ya wazazi kuondoka. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka shule ng'ambo ya kijito wakati maji yamejaa, yeye mwenyewe akiwa ameiacha shule hiyo ili dada yake asome. Kumpotezea mchele au kumpotezea heshima: Mama Mizani aliyapima yote mawili, na safari hii mshale ulikataa kutulia.

"Tusubiri kwanza," alisema mumewe kwa upole. "Huenda kaka akachelewa."

*

Gari la Bwana Afya lilifika maduka yakiwa ndiyo kwanza yanafunguliwa, likiwa limeshajaa nusu. Vibarua walishuka wamejifunga vitambaa usoni. Mtaa nao haukukawia. Watu waliokuwa wakikwepa duka jana, leo walijaa mlangoni kana kwamba wamealikwa. Karani alikuja na leso yake. Fundi alikuja na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, uso umemshuka kwa huruma.

Kibarua wa kwanza alilibeba gunia la kwanza begani. Mama Mizani alilitazama linavyotoka. Aliona kushona kwake mwenyewe, mishono mikubwa ya haraka, na mara akamwona kaka yake amesimama kwenye matope akipiga kopo. Kilichomtoka kinywani kilikuwa ukelele.

"Lishushe!"

Kibarua alilishusha.

"Huo mchele si wa ng'ambo," alisema Mama Mizani. "Ni wa kaka yangu. Ni wa bondeni kwetu. Gunia tu ndilo la Tausi. Nimewadanganya. Miaka yote nimekuwa nawauzia mchele wa hapahapa, mkasema ni wa ng'ambo, nikanyamaza. Nipigeni, nitukaneni, lakini mchele wa watu msiumwage. Hauna kosa lolote."

Alitegemea matusi. Alitegemea hata jiwe. Badala yake watu walimtazama kwa macho ya kumhurumia, kisha mtu mmoja nyuma akacheka.

"Mama, kuponya mali yako si dhambi," alisema Karani, akiwa mpole kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Lakini usitufanye watoto. Mimi mchele wa hapa naujua na Tausi naijua. Kinywa hiki hakidanganyiki."

"Ni wa kaka yangu!"

"Kwenye maduka yote nimepewa hadithi," alisema Bwana Afya. "Wa kule juu kasema Tausi zake ni za maonyesho tu. Mama, niruhusu nifanye kazi."

Hapo ndipo Mama Mizani alipoona ubaya wote wa alichokifanya. Alikuwa amesema uongo vizuri mno, na sasa ukweli wake haukuwa na mnunuzi. Kibarua aliinama kulibeba gunia tena.

"Subiri kwanza!"

Watu waligeuka, wengine wakatabasamu, kwa kuwa neno walilijua na mwenyewe walimjua. Lakini Bwana Subiri siku hiyo hakuwa akisubiri kitu. Alitoka ndani akikimbia, ungo mkononi, akakata ile kamba ya mdomo wa gunia kwa wembe na kumwaga mchele juu ya ungo mpaka ukafurika. Akauweka miguuni kwa Fundi.

"Fundi," alisema, "ukinunua mchele kwetu, kabla ya kuupika unafanyaje?"

"Nauchagua. Kila mtu si anachagua?"

"Unaokota nini?"

"Chuya." Fundi aliinama bila kufikiri, vidole vyake vikaingia kwenye mchele na kutoka na punje mbili tatu ambazo hazikutoka maganda. "Hizi hapa. Na vijiwe, si vingi."

"Na Tausi ulizokuwa ukinunua kule kwa wengine, kabla hujaanza kuja kwetu? Ulikuwa unaokota nini?"

"Tausi haina chuya. Mchele wa ng'ambo unatoka safi, unamimina tu chun—"

Alitazama chuya kiganjani mwake. Watu wote nao walizitazama, na kila mwanamke aliyekuwa pale alianza kuonekana kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

"Lakini na mimi huwa naokota," alisema mmoja.

"Mimi nilidhani hata huko ng'ambo mashine ni mbovu."

"Mimi mwenzenu," alisema Karani, na kwa mara ya kwanza leso ilimwondoka puani, "nilivunja jino." Alipanua mdomo, akaonyesha pengo upande wa kushoto, pengo ambalo mtaa wote ulilijua kwa kuwa alikuwa akilisimulia kwa fahari. "Nikawaambia watu hili limevunjwa na jiwe la ng'ambo."

Kicheko kilichoanza hapo hakikuwa na mwenyewe. Kilimshika Fundi mpaka akakaa chini, kikawashika vibarua ndani ya vitambaa vyao, kikamshika hata Bwana Afya, aliyegeukia gari lake mabega yakimtikisika. Mama Mizani mwenyewe alikuwa akicheka huku machozi yakimtiririka, na katikati ya kicheko hicho akaliona gari la kukodi limesimama nyuma ya lile la Bwana Afya, na kaka yake akishuka, vumbi tupu, akiwatazama watu.

"Dada," aliita. "Kuna nini? Kuna msiba?"

"Mjomba!" mtu alipiga kelele kwa furaha, maana mtaa wote ulimwita hivyo. "Kumbe Tausi ni wewe!"

*

Mengine yalikwenda upesi. Bwana Afya alipanda kwenye gari la kukodi, akafungua gunia la mzigo mpya, akachota, akalinganisha na ule wa kwenye ungo: punje zilezile, chuya zilezile. Akashuka akijikung'uta.

"Sumu hakuna," alisema. "Uongo upo. Magunia haya, yakishamiminwa, nayachukua mimi, na ofisini utakuja kulipa faini. Mchele uweke wazi, uandike ni wa wapi. Nikikuta tausi hapa tena, hatutacheka."

"Hutamwona," alisema Mama Mizani.

Ikabidi mchele wote utolewe kwenye magunia na kumiminwa kwenye mabeseni. Kaka alivua viatu, akafanya kazi hiyo pamoja nao bila kuambiwa. Alishika gunia upande wake, dada yake akashika upande mwingine, wakainua, wakamimina, wakachukua lingine. Hawakutazamana. Mama Mizani aliona angeweza kuvumilia kutukanwa kuliko ukimya ule.

Gunia la mwisho kaka hakulitupa na mengine. Alilikunjua juu ya goti, akaitazama ile picha ya ndege na mkia wake wa rangi.

"Tangu lini?"

"Tangu panya walipotoboa lile gunia lako. Zamani."

"Kwa hiyo mimi nikiuliza wanasemaje."

"Walikuwa wanausifu, kaka. Hapo sikukudanganya."

"Walikuwa wanamsifu ndege," alisema kaka.

Mama Mizani aliinamisha kichwa. "Niliogopa," alisema. "Walikuwa hawaununui. Ulikuwa unakaa mpaka unaingia wadudu, na wewe unaniletea mwingine, umekonda, unacheka. Sikuweza kukwambia kwamba watu hawautaki. Nisamehe."

Kabla hajajibu, Karani aliingia na kikapu. Alikuwa mteja wa kwanza wa siku mbili. Alipita kwenye mabeseni mikono nyuma, akauchunguza mchele aliokuwa akiula miaka yote kana kwamba wanakutana leo.

"Bei gani?"

"Ileile, mzee," alisema Bwana Subiri.

"Ileile? Kama ni wa hapa, bei ya ng'ambo inatoka wapi?"

Kaka aliliweka gunia chini, akasimama. Alikuwa mtu mrefu, na dukani humo hakuwahi kusimama upande wa mizani hata siku moja.

"Mzee, juzi ulikuwa unatoa bei hiyo hiyo."

"Juzi nilidhani umesafiri."

"Umesafiri. Nimetoka nao usiku wa manane. Tumekwama kwenye tope, tumesukuma, tumekwama tena. Hao wa melini wamesukuma nini?"

Karani alifikiria. Alimtazama Mjomba juu mpaka chini, matope yaliyokaukia magotini, kisha akatoa pochi yake taratibu kama mtu anayetia saini mkataba. "Nipimie ule wa siku zote," alisema.

Kaka alipima. Alikuwa mzito mkononi, hakuzoea, mchele ulimwagika pembeni. Alipomaliza, Karani hakuondoka; aliendelea kusimama na kikapu kimefunguliwa.

"Na ile ya watoto," alikumbusha.

"Watoto gani? Watoto wako wana wajukuu."

"Ni haki yangu ya miaka yote."

Kaka alimgeukia dada yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akiuliza kwa macho. Mama Mizani alimwonyesha konzi. Kaka alichota kwa kiganja chake kikubwa, na konzi yake ilikuwa sawa na mbili za dada yake. Karani alitoka mbio kabla watu hawajabadili mawazo.

*

Gari la kukodi liliondoka bila Mjomba. Dereva alikuwa na safari nyingine, akasema atampitia jioni, na kwa hiyo kaka, ambaye siku zote aliondoka na glasi ya chai mkononi huku dereva akipiga honi, kwa mara ya kwanza alikaa kula chakula cha mchana kwa dada yake.

Binti alitandika mkeka. Mama Mizani alipika kama bibi harusi anayepikia wakwe. Alipika mchele wa kaka na maharage, basi, kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyekwenda sokoni. Aliupakua ukiwa umechambuka, kila punje imesimama peke yake, mvuke unapanda.

Kaka alinawa, akala tonge la kwanza. Akatafuna polepole. Akachukua la pili, akasita, tonge likiwa bado mkononi, akaitazama sahani.

Mama Mizani alisogeza kibakuli cha chumvi. "Umekosa chumvi?"

"Huu ndio wangu?"

"Ndio wako, kaka. Ule wa kwenye beseni. Kwani huujui?"

"Nitaujulia wapi?" alisema kaka. "Mzima wote nakuletea wewe. Sisi kule nyumbani tunabaki na chenga, zile zilizokatika mashineni. Tangu nianze kulima sijawahi kupika punje nzima." Alilitia tonge mdomoni, akalimeza, akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe ni mtamu."

Bwana Subiri aliacha kutafuna. Binti aliinuka ghafla akasema anafuata maji, na mtungi ulikuwa palepale mbele yake.

Mama Mizani aliivuta sahani ya kaka yake, akaijaza tena mpaka wali ukawa unamwagika pembeni. Alitaka kumwomba msamaha upya, alikuwa ameshayapanga maneno, lakini kaka alikuwa ameinamia chakula chake anakula kwa mkono wa haraka kama alivyokuwa akila utotoni, na alipoinua uso alikuwa anacheka, punje imemganda kidevuni.

"Usinitazame hivyo, dada," alisema. "Niongeze. Halafu unifungie na wa kupeleka nyumbani, na wao wakaonje."